Nina vijana watatu wanaotaka kwenda kucheza raga nje, nina mwaka mmoja nao, niutumieje?

KochaWaJioni

Wakuu habari zenu. Mimi nafundisha timu ya vijana wasiozidi miaka 19 na safari hii nimejaliwa watatu ambao kwa kweli naona wanaweza kufika mbali. Wa kwanza ni propu wa kulia, yule wa mstari wa mbele, ana 18, mwili anao na anaipenda skramu, ile ya mafowadi (wachezaji wa mbele) kusukumana wameshikana, kama wenzake wanavyopenda kufunga trai. Wa pili skrum-hafu, yaani namba 9 anayewatolea wenzake mpira, 17, umbo dogo ila pasi yake inafika kabla hujajua imetoka. Wa tatu winga, 19, huyu ni mbio, na raga ya saba kila upande anacheza pia, kuna fununu ataitwa kambi ya timu ya taifa ya saba.

Sasa mwezi uliopita kanifuata mtu anajitambulisha kama wakala, anasema ana uwezo wa kuwatafutia majaribio nje, anataka klipu fupi za kila mmoja, kopi za pasi za kusafiria na hela ya kufungulia faili. Mimi sijamjibu lakini habari zimeshawafikia wazazi na wameanza kuulizana hiyo hela itapatikana wapi, na vijana wenyewe mazoezini akili haipo tena, kila mtu anaongelea klipu.

Ninachoomba kwenu ni mwongozo wa kweli kutoka kwa watu waliopitia. Nina kama miezi 12 kabla hawajatawanyika. Niwajenge nini? Nguvu, mbio, video, makaratasi? Na jingine linaloninyima usingizi, niwaambie wazi kwamba wengi wanaoota hii ndoto hawafiki, au nitakuwa nimewavunja moyo kabla hawajaanza?

Namba8_Mstaafu

Kocha, umefanya vizuri sana kutomjibu huyo mtu, endelea hivyo hivyo.

Mimi niliondoka nikiwa na miaka 20, nikaenda Ufaransa, na nisikudanganye haikuwa Top 14 wala Pro D2, ni zile klabu za madaraja ya chini kwenye miji midogo ambapo Jumapili karibu mji mzima unahamia uwanjani. Kabla ya kwenda nilichoandaliwa ni kunyanyua vyuma na kukimbia, basi. Nikafika niko fiti kuliko nusu ya timu na bado wiki 6 za mwanzo nilikuwa nakaa benchi, na nitakwambia kwa nini manake hakuna aliyeniambia mimi.

Laini-auti, ule mpira unaorushwa kutoka pembeni na kurukiwa, wito wake unatolewa kwa kifaransa. Ukiwa fowadi na huelewi wito wewe ni mzigo, huwezi kuruka, huwezi kunyanyua mwenzako, unasimama tu unatazama wenzako wanaelekea wapi ndo uwafuate. Kwenye skramu refa anaita flexion, liez, jeu (inama, shikaneni, cheza), mimi masikio yangu yamezoea amri za kiingereza kwa hiyo nasukuma nimechelewa kidogo tu, na hako kadogo ndo skramu nzima inayumba. Halafu kuna kukaba. Kule raga ya ridhaa tangu 2019 hairuhusiwi kumkamata mtu juu ya kiuno, mi nimelelewa kumkaba mtu kifuani nifunge na mpira usitoke, mechi yangu ya pili nikatoa penalti 4 peke yangu na kocha akanitoa kabla ya mapumziko. Nilikaa benchi nimejifunika jaketi nikiwa nawaza wale walionichangia safari wakijua itakuwaje.

Lakini hayo ya uwanjani yalirekebishika, miezi miwili nikawa nimeyapata. Yaliyonishinda ni ya jioni. Mazoezi yalikuwa mara 3 kwa wiki, usiku, kwa sababu wenzangu wengi wana kazi zao mchana, sasa mimi mchana kutwa niko ndani, nyumba nzuri tu wamenipa, kimya, sijui kupika kitu cha maana, sijawahi kupanga hela ya mwezi maisha yangu yote, na kila nikipigiwa kutoka nyumbani nasema mambo safi kwa sababu najua wamejinyima ili niende. Uongo huo unachosha kuliko mazoezi.

Mwezi wa tano nikaumia goti. Hapo ndo nikausoma mkataba kwa mara ya kwanza kwa makini, nikakuta tiketi ya kurudi haimo, na matibabu yanafika mahali fulani yanaishia. Klabu siitaji na siwezi kusema walinidhulumu, walifuata kilichoandikwa, mimi ndo nilisaini kitu nisichokijua kwa lugha nisiyoijua.

Kwa hiyo kocha ukiniuliza mwaka wako uutumieje, robo yake ipeleke kwenye vyuma na mbio, inayobaki mfundishe kijana kuishi. Aamke bila kuamshwa. Apike chakula cha mchezaji kwa mkono wake, apangie hela ya mwezi mzima na isiishe tarehe 15. Aanze lugha ya kule anakoelekea sasa hivi, siyo wiki moja kabla ya ndege. Na muhimu kuliko yote azoee kusema "sijaelewa" mbele ya watu bila kuona aibu, mimi hiyo ilinigharimu wiki 6.

SkramuKwanza

Namba8 kasema kweli tupu. Mimi naongeza ya uwanjani kidogo kwa sababu nimefundisha mafowadi miaka mingi na huyo propu wako ndo anayenitia wasiwasi, kocha.

Kumbuka sheria za chini ya 19 haziruhusu skramu kusukumwa zaidi ya mita 1.5, na mechi yao ni dakika 70 siyo 80. Maana yake kijana anaweza kuonekana simba kwa misimu miwili mfululizo na hajawahi hata mara moja kukaa ndani ya skramu inayosukumwa hadi mwisho. Sasa mtue ghafla mbele ya mtu wa miaka 32 ambaye hiyo ndo kazi yake, anajua kukuingia kwa pembe, anajua kukuvuta mkono chini, shingo imeshakomaa. Hapo hatuongelei tena kupata namba, tunaongelea shingo ya mtoto wa mtu. Propu wa kulia wanatafutwa kila mahali, kwa hiyo atapata ofa mapema kuliko wenzake, na wewe ndo wa kusema subiri. Huu mwaka akae na watu wazima mazoezini, kwanza mashine, halafu mmoja kwa mmoja, halafu watatu kwa watatu, ndo skramu kamili, mgongo umenyooka, nyonga chini ya mabega, mazoezi ya shingo kila wiki bila kukosa. Propu hana haraka, wengi wanakuwa bora kabisa baada ya 25.

Skrum-hafu mkazanie pasi ya mkono dhaifu na ile teke ya juu kutoka nyuma ya raki (wachezaji wakigombea mpira ulio chini), kwa miguu yote miwili ikiwezekana. Mwili mdogo siyo shida kwenye namba 9, shida ni kama anaogopa kukaba. Awe na uwezo wa kumwangusha mtu mkubwa kwa mapaja na kichwa kikiwa upande sahihi, yaani shavu kwenye makalio ya mpinzani, kichwa kisikae mbele ya mwili wa anayekimbia. Hili nawaambia wote watatu, jifunzeni kukaba chini. Siyo Ufaransa tu, Uingereza nao tangu msimu wa 2023 raga ya ridhaa imeshusha hadi chini ya mfupa wa kifua, na kokote duniani ukimgusa mtu kichwani unatafuta kadi. Kijana anayekaba chini anaweza kucheza popote.

Kwa stamina wapimeni Bronko, haihitaji kifaa chochote. Unakwenda mita 20 na kurudi, 40 na kurudi, 60 na kurudi, hiyo moja, unarudia mara 5 bila kupumzika, jumla mita 1,200. Andika muda wa kila mwezi. Makocha wengi wanaujua huo mtihani kwa hiyo ukimwandikia mtu kwamba kijana wangu alikuwa na muda huu mwezi wa kwanza na huu mwezi wa nane, anaona maendeleo, anajua huyu anafundishika.

Video sasa. Klipu za trai tupu waachieni mashabiki. Anayesajili anataka mechi nzima isiyokatwa, imepigwa kutoka juu ya katikati ya uwanja ili aone mchezaji anafanya nini mpira ukiwa mbali naye. Winga wako akipoteza mpira anarudi? Teke ikipigwa nyuma yake yuko wapi? Unamkumbuka Takudzwa Ngwenya, mzaliwa wa Harare, Kombe la Dunia 2007 akiichezea Marekani alivyomzunguka Bryan Habana, winga wa Afrika Kusini, kwa nje na kufunga? Ile trai dunia nzima iliiona, na baada ya hapo akacheza klabu ya Biarritz ya Ufaransa miaka mingi. Lakini hiyo miaka mingi hakuipata kwa trai moja, klabu haimpangi winga kila wiki kama hakabi na hadaki mipira ya juu. Kwa hiyo weka dakika 3 au 4 za mwanzo zenye mazuri na mabaya pamoja, ukabaji uwemo, kisha mechi mbili kamili, andika tarehe, namba ya jezi, urefu na uzito wa kweli. Uzito wa uongo unaumbuka siku ya kwanza kwenye mizani.

Na kichwa, wakuu. Kila mtikisiko wa ubongo uandikwe kwenye daftari, lini, dalili gani, alirudi lini. Mwongozo wa World Rugby, shirikisho la raga la dunia, kwa raga ya ridhaa ni mchezaji asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21, na hata hapo dalili ziwe zimeisha kabisa. Vijana wanaoota nje wanaficha, wanaogopa kukosa majaribio. Mwambie wazi kwamba kwako kuficha ni kosa kubwa kuliko kupoteza mechi.

MakaratasiKwanza

Mimi sikucheza sana, nilikuwa katibu wa klabu na uhamisho umepita mikononi mwangu mwingi, kwa hiyo naongelea hayo tu.

Huyo wakala anayedai hela ya faili, achana naye. Wakala wa kweli analipwa mkataba ukishasainiwa, na Ufaransa kwa mfano wakala anatakiwa awe na leseni inayotambuliwa na shirikisho la raga la huko. Muulize leseni yake ni ya wapi, namba ngapi, halafu uhakikishe mwenyewe kwa shirikisho husika, na umwombe barua ya klabu yenyewe inayomtaja kijana kwa jina. Kopi za pasi za kusafiria za watoto usimpe mtu kabla ya hapo. Namjua mzazi aliyelipa, safari ikaahirishwa mara 3, mwisho simu haipokelewi tena na kijana kaacha na shule akisubiri.

La pili, kuhama kutoka chama cha nchi moja kwenda kingine kunahitaji kibali cha maandishi kutoka chama chako, iko kwenye Kanuni ya 4 ya World Rugby. Bila hicho kijana atafanya mazoezi tu, mechi hachezi. Hakikisheni wote watatu wamesajiliwa vizuri sasa hivi, majina yafanane na pasi herufi kwa herufi, tarehe za kuzaliwa zifanane kila karatasi. Nimeona uhamisho umekwama wiki kadhaa kwa herufi moja.

La tatu linamhusu winga moja kwa moja. Kanuni ya 8. Akishatimiza miaka 20 akaichezea timu ya taifa ya wakubwa ya raga ya saba, amefungwa na nchi hiyo, yaani hawezi tena kuichezea nyingine, sawa na aliyecheza ya 15. Tangu 2022 kuna mlango wa kubadili, lakini ni mara moja tu maishani, akae miaka 3 bila mechi yoyote ya kimataifa, na ile nchi anayohamia awe amezaliwa yeye au mzazi au babu au bibi yake. Kwa ambaye hajafungwa na nchi yoyote na hana mizizi hiyo ya kuzaliwa, ni miezi 60 mfululizo ya kuwa kule, zamani ilikuwa 36. Simwambii asiichezee nchi yake, ajivunie na acheze, timu ya taifa ya saba imewafungulia wengi macho ya dunia hasa tangu mchezo huo uingie Olimpiki 2016. Namwambia ajue anachokifanya siku anavaa hiyo jezi.

Na kwenye mkataba mtafute mstari wa timu ya taifa. Kuna klabu zimewahi kuwashawishi wachezaji wa nchi ndogo wajifanye wamestaafu raga ya kimataifa ili wasiitwe Julai na Novemba, miezi ya mechi za kimataifa. Kanuni ya 9 inakataza klabu kumzuia mchezaji aliyeitwa na chama chake. Mkiona mstari wa namna hiyo, kalamu chini, tafuteni mwanasheria.

Ufaransa pia wana utaratibu unaitwa JIFF, klabu lazima zipange idadi fulani ya wachezaji waliolelewa kwenye mfumo wa kule. Kijana wa nje akiingia akademi iliyoidhinishwa bado mdogo na akamaliza misimu 3 anaweza kuhesabiwa humo, ndo maana wanawapenda wa miaka 18, 19. Ni nafasi nzuri, ila ujue pia kwa nini wanamtaka mapema, na usome akademi inampa nini zaidi ya raga. Shule imo? Akiumia anaendelea kusoma?

MamaFlanka

Samahanini naingilia, mimi ni mzazi tu. Mwanangu wa kike alikwenda Marekani kwa skolashipu ya chuo, anacheza flanka. Kwa wasichana njia hiyo ipo, raga ya wanawake imo kwenye orodha ya michezo inayochipukia ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, tangu 2002, ya wanaume haimo, inategemea chuo chenyewe. Kwa hiyo kocha kama una wasichana usiwasahau, na kwao alama za darasani zinahesabika sawa na mbio. Wangu alikosa chuo cha kwanza kwa hesabu, siyo kwa raga.

Nilitaka kusema moja kuhusu simu. Mwaka wa kwanza kila nikipiga nilikuwa nauliza mechi ilikuwaje, mmeshinda, umecheza. Na yeye ananipa matokeo. Miezi minne ananipa matokeo mazuri mazuri kumbe mtoto halali, ana maumivu ya bega, na hana rafiki hata mmoja. Nilikuja kujua kupitia kwa mwenzake. Tangu siku hiyo nauliza umekula nini, umelala saa ngapi, leo umeongea na nani. Raga naiuliza mwisho au siulizi. Wazazi wa hao vijana waambieni hilo kabla hawajaondoka, na mwambieni kijana mbele ya wazazi wake kwamba akirudi bila mkataba mlango uko wazi na hakuna atakayemdai nauli. Alisikie kwa masikio yake.

KochaWaJioni

Nimesoma yote mara mbili. Mama, hilo la nauli limenigusa mahali, kwa sababu baba wa propu ndo yule anayetaka kukopa, na kijana anajua baba anataka kukopa. Sikuwahi kuliona hilo kama mzigo mgongoni kwa mtoto.

SkramuKwanza, nakiri skramu ya watu wazima sikuwahi kuifikiria, nilikuwa namwona anavyowapeperusha wenzake nikawa nafurahi tu. Nimeongea na timu ya wakubwa, atakuwa anakwenda kwao Jumanne, mashine tu kwa miezi 2 ya kwanza.

Swali langu la mwisho halijajibiwa lakini. Niwaambie kwamba wengi hawafiki?

Namba8_Mstaafu

Waambie. Mimi ningeambiwa ningekwenda vilevile, ila ningekwenda nina cheti cha ufundi mkononi. Waambie kwa mfano wa mtu, siyo kwa kuwatisha. Niite siku moja nikae nao, niwaonyeshe na kovu la goti na picha za ile timu, kwa sababu pamoja na yote niliyoandika hapo juu ile miaka miwili ilikuwa mizuri, nilijifunza lugha, nina watu kule mpaka leo tunasalimiana, na mechi ya mwisho ya msimu wa pili nilifunga trai mbele ya mji mzima nikabebwa juu juu. Wasikie yote mawili kutoka kinywa kimoja. Kijana wa 17 anaweza kuubeba ukweli, asichoweza kuubeba ni kuugundua akiwa peke yake.

Na yule skrum-hafu usimguse kwa habari za safari bado, amalize shule. Namba 9 mzuri wa 20 mwenye cheti anatafutika tu.

SkramuKwanza

Naunga mkono. Na kitu kimoja nilisahau, sapulimenti. Vijana wakisikia nje wanaanza kununua makopo ya kuongeza mwili. Kwenye sheria za dawa zilizokatazwa kilichopatikana mwilini mwako ni chako, hata kama kopo halikuandika. Orodha ya WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa hizo, inabadilika kila tarehe 1 Januari. Chakula, usingizi, maji, kwa umri wao vinatosha. Na hata dawa ya pumu au ya mafua kwanza aulize daktari kama iko kwenye orodha. World Rugby wana kozi za bure mtandaoni, hiyo ya dawa, ya mtikisiko wa ubongo na ile programu ya kupasha mwili ya Activate, wafanye zote tatu, vyeti waviweke kwenye faili pamoja na Bronko.

KochaWaJioni

Sawa. Wakala nimeshamwandikia leo kwamba hapana, nikamwomba namba ya leseni, hajajibu. Jumamosi baada ya mechi nakutana na wazazi wote pamoja na vijana wenyewe wakiwepo, nitaanza na la mama la nauli kabla ya jambo lolote. Winga nitakaa naye peke yake na hiyo Kanuni ya 8. Namba8 nakuomba uje kweli, na kama huna shida niandikie maneno ya laini-auti ya kifaransa unayoyakumbuka, propu kashaniuliza.

Namba8_Mstaafu

Nakuja. Na maneno nakuandikia usiku huu huu, nitaanza na namba, mbele, nyuma na katikati, hayo ndo yalinikalisha benchi.